Pua ya Mama Mkwe

Najua shemeji ameshawasimulia kisa cha picha niliyomchora mama mkwe, na chumvi katia. Hakuna aliyezimia. Mengine yote, ole wangu, ni kweli.

Nilimchora kwa mtindo wa kubizimu, ule wa kumkata mtu vipande vya pembepembe. Si nimeshinda nikitazama picha za Picasso na Braque, waanzilishi wa mtindo huo, za 1910 hadi 1912, zile za kahawia na kijivu, mtu kavunjwavunjwa kama kioo kilichoanguka? Nikasema mimi nishindwe nini. Nikajiwekea sharti: rangi tatu tu, nyeupe, nyeusi na manjano ya udongo. Wachoraji mmeshaanza kucheka. Nyeusi ukiikoroga na manjano hupati kivuli cha shavu, unapata kijani. Mama wa watu akatoka kama abiria wa meli aliyetapika safari nzima.

Kijani angenisamehe. Ila nilipomwonyesha picha ukumbini, mbele ya wageni, alivaa miwani, akasogea, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, pua yangu iko wapi?"

Hapa twendeni taratibu. Nikanyoosha kidole. Kikafika kwenye turubai, kikasita. Pembetatu ya kwanza, bega. Ya pili, bega lilelile kwa nyuma, maana kwenye kubizimu mtu unamwonyesha mbele, nyuma na ubavuni kwa mpigo mmoja. Ukumbi kimya, feni tu inalia. Nikapanda kidogo, nikakuta jicho! Nikafurahi kama nimeokota pesa; pua itakuwa jirani tu. Haikuwa jirani. Niliihamisha mwenyewe, usiku, nikijiona fundi. (Wewe unayeandika "hahaha" kabla sijamaliza, nakuona.)

"Hii hapa, mama." Nikabonyeza kwa ujasiri wote.

Akainama. Akatazama. Akainama tena.

"Huo si mkoba wangu?"

Ulikuwa mkoba. Tena rangi ya mafuta haikauki upesi, kwa hiyo kidole kilizama, kikaacha shimo, kikatoka kimepakaa. Jasho likanitiririka, nikajifuta paji la uso kwa kidole hichohicho. Shemeji ndipo alipotoa simu.

Basi, chai ikaletwa, tukazungumzia mvua, wageni wakaondoka, picha ikaenda nyuma ya kabati, ikitazama ukuta.

Jana usiku niliitoa, na pua nimeiona. Iko chini ya kiwiko cha kushoto, wala si mbaya. Nimempigia mama kumweleza. Hajapokea.