Opeth na Dream Theater: Marejeo Mawili Yasiyofanana

Ndani ya kipindi kisichofika miezi 3, bendi mbili ambazo nimezisikiliza kwa zaidi ya miaka 15 zilirudisha, kila moja kwa namna yake, kitu ambacho mashabiki wake walikuwa wamekwishakata tamaa ya kukisikia tena. Tarehe 22 Novemba 2024 Opeth ya Sweden ilitoa The Last Will and Testament, na ndani yake Mikael Åkerfeldt, mwimbaji na mtunzi wake, akanguruma, yaani akaimba kwa ile sauti nzito ya kooni, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika albamu yoyote ya bendi hiyo tangu Watershed ya mwaka 2008. Tarehe 7 Februari 2025 Dream Theater ya Marekani ikatoa Parasomnia, albamu yao ya kwanza tangu mwaka 2009 ambayo Mike Portnoy anapiga dramu. Wapenzi wa metali ya progresivu, yaani roki nzito yenye nyimbo ndefu na miundo tata, wameyapokea matukio hayo mawili kwa shangwe moja, kana kwamba ni habari ile ile. Mimi sikubaliani nao. Opeth ilirudi mahali ilipopaacha kwa hiari yake, tena ikiwa na mengi iliyoyaokota njiani. Dream Theater ilirudi mahali ambapo, kwa maoni yangu, haikuwa imepaacha kamwe.

Nilizijua bendi zote mbili siku moja. Mwaka 2009, rafiki niliyekaa naye chumba kimoja bwenini alininakilia kwenye flashi albamu mbili: Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory ya Dream Theater, iliyotoka mwaka 1999, na Blackwater Park ya Opeth, ya mwaka 2001. Simu yangu ya wakati ule ilipanga nyimbo kwa kufuata alfabeti, nami sikujua. Scenes from a Memory ni kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kisa cha Nicholas, ambaye tabibu wake anamlaza usingizi maalumu, na humo usingizini anayaona maisha aliyoyaishi zamani akiwa msichana Victoria, aliyeuawa mwaka 1928. Kwa mpangilio wa simu yangu, Finally Free, ambao ndio wimbo wa mwisho, ulikuja wa tatu, na Regression, ambao ndio mlango wa kisa, ukaja wa saba. Kwa miezi kadhaa nilisikia ufundi mtupu usio na uti wa mgongo. Siku nilipopata mpangilio halisi nilikaa nikaisikiliza yote, dakika 77, bila kunyanyuka, na ndipo nilipotambua kwamba sauti zilizokuwa zikinitatiza zilikuwa zikirudi kwa makusudi, kama kile kina cha mwisho cha utenzi kinachorejea katika kila ubeti na kukishona kisa kizima. Blackwater Park, kwa upande wake, haikudhurika sana na alfabeti, kwa kuwa kila wimbo wake ni nyumba kamili, yenye vyumba vya giza na vyumba vya mwanga.

Tofauti hiyo inatokana na asili za bendi zenyewe. Dream Theater ilianzishwa mwaka 1985 na wanafunzi watatu wa chuo cha muziki cha Berklee, Boston: mpiga gitaa John Petrucci, mpiga besi John Myung na Portnoy. Walikuwa vijana wa mazoezi ya saa nyingi kila siku, na muziki wao haujawahi kuficha hilo. Katika The Dance of Eternity, wimbo usio na maneno wa dakika kama 6, hesabu ya mapigo hubadilika zaidi ya mara 100, mithili ya shairi ambalo kila mshororo una mizani yake, na katikati ya msukosuko huo kinanda cha Jordan Rudess kinachepuka ghafla kupiga regitaimu, muziki wa kinanda wa mapigo ya kurukaruka, kama wa baa za Marekani ya zamani. Nimeusikiliza mara nyingi nisizoweza kuzihesabu na bado unanishtua. Opeth ilichipuka Stockholm karibu mwaka 1990, katika ulimwengu wa deth metali, ile metali kali ya ngurumo, ambako hakuna aliyekuuliza umesoma chuo gani. Albamu zao za mwanzo, Orchid na Morningrise, zina nyimbo ndefu mno ambazo sehemu zake zimewekwa tu moja baada ya nyingine bila kufungamana vizuri, wanaoziabudu watanisamehe. Ni kuanzia My Arms, Your Hearse ya mwaka 1998 ndipo ninaposikia mtunzi anayejua kwa nini kifungu hiki kinafuata kile.

Kilichofuata kwa Opeth ni mfululizo ambao sijaona mfano wake. Blackwater Park ilitayarishwa kwa ushirikiano na mwanamuziki Mwingereza Steven Wilson, na tangu hapo sauti ya kawaida ya Åkerfeldt ikaacha kuwa kivuli cha ngurumo na ikapata nafasi yake yenyewe. Kisha bendi ikarekodi albamu mbili kwa pamoja. Ya kwanza, Deliverance ya mwaka 2002, ni nzito kama jiwe la kusagia. Katika dakika za mwisho za wimbo uliobeba jina lake, gitaa na dramu hurudia kifungu kimoja cha mapigo yaliyokatwakatwa, na kila unapodhani umekwishakizoea, mpiga dramu Martin Lopez anahamisha pigo moja nawe unajikuta umepotea tena. Ya pili, Damnation ya mwaka 2003, haina ngurumo hata moja, na magitaa yake ni makavu na ya upole, yakizungukwa na melotroni, kinanda cha zamani cha kanda za sauti, inayolia kama upepo wa nyumba isiyokaliwa na mtu. Bendi ambayo ingeweza kuishi kwa ukali wake peke yake ilijiuliza mapema itabaki na nini ukali ukiondolewa.

Miaka hiyo hiyo Dream Theater nayo ilikuwa kileleni, na haki yao siwezi kuwanyima. Falling into Infinity ya mwaka 1997 ilikuwa imetengenezwa chini ya shinikizo la kampuni ya kurekodi iliyotaka nyimbo za redio, na Scenes from a Memory ilikuwa jibu lao. Baada yake waliunganisha albamu kwa albamu kwa namna ya kupendeza: mchakarisho wa sauti unaoifunga Scenes from a Memory ndio unaoifungua Six Degrees of Inner Turbulence ya mwaka 2002; sauti ya mwisho ya hiyo inaianzisha Train of Thought ya mwaka 2003; nayo noti ya kinanda inayoimaliza Train of Thought inaipokea Octavarium ya mwaka 2005, ambayo inaishia pale ilipoanzia. Nikitakiwa kuchagua albamu moja tu kutoka kwa bendi hizi mbili, nitachagua Scenes from a Memory bila kusita. Hata hivyo, kuwa na albamu bora si sawa na kukua, na mduara huo wa Octavarium, kwa uzuri wake wote, uliwafungia ndani.

Mwaka 2011 ndio uliozitenganisha bendi hizi machoni pangu. Portnoy alikuwa ameondoka Septemba 2010, na Dream Theater ikamchagua Mike Mangini kati ya wapigaji 7 waliofanyiwa majaribio. A Dramatic Turn of Events ni albamu ya bendi inayotaka kuuthibitishia ulimwengu kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka huo huo Åkerfeldt, ambaye alikuwa ameanza kutunga nyimbo zilizofanana na za Watershed, alizitupa baada ya mpiga besi wake, Martín Méndez, kumweleza kwamba asingependa wairudie albamu iliyopita. Matokeo yake yakawa Heritage, isiyo na ngurumo, yenye harufu ya roki ya miaka ya 1970. Jalada lake linaonyesha mti ambao matunda yake ni vichwa vya wanabendi, na kichwa kimoja kinaanguka, cha Per Wiberg, mpiga kinanda aliyekuwa akiondoka. Mashabiki walikasirika wakaona Åkerfeldt ameacha mbachao kwa msala upitao. Nami nilikuwa miongoni mwao. Niliisikiliza mara mbili nikaiweka kando kwa zaidi ya mwaka, na ilinibidi niisikie Pale Communion ya mwaka 2014, ambamo wazo lile lile limekomaa na nyimbo zinapumua, ndipo niliporudi Heritage na kusikia ujasiri mahali nilipokuwa nimesikia usaliti.

Dream Theater nao walithubutu mara moja, nasema hili kwa heshima. The Astonishing ya mwaka 2016 ni kisa cha zaidi ya saa 2 kuhusu nchi ya siku zijazo ambako muziki hutengenezwa na mashine. Wazo lilikuwa kubwa, lakini nyimbo 34 zilimezwa na wahusika wake, na mwimbaji wao, James LaBrie, alibebeshwa sauti za watu wengi mno. Albamu iliyofuata, Distance over Time ya mwaka 2019, ikawa fupi na nzito kama zamani, kana kwamba safari ile ilikuwa kosa la kuombewa radhi. Hapo ndipo niliposikitika zaidi, kwa sababu Åkerfeldt alipokataliwa na mashabiki wake hakurudi nyuma. Aliendelea hadi mwaka 2019 akaitoa In Cauda Venenum kwa Kiswidi na kwa Kiingereza, na ile ya Kiswidi ndiyo ninayoipenda, ingawa sielewi neno.

Nikizisikiliza albamu mbili hizi za karibuni moja baada ya nyingine, Parasomnia, yenye kisa cha misukosuko ya usingizini, inanifurahisha tangu dakika ya kwanza. Portnoy na Petrucci wanajuana kama ndugu, na wimbo wa mwisho, unaokaribia dakika 20, umejengwa na mafundi. Lakini ungeniambia ilitoka mwaka 2010, ningekubali. The Last Will and Testament haiwezekani kuwa ya mwaka mwingine. Ni kisa cha wosia unaosomwa baada ya kifo cha baba tajiri, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mbele ya watoto wanaogundua kwamba si damu yake. Nyimbo 7 za mwanzo hazina majina, zina namba za vifungu tu kama hati ya mirathi, na filimbi ya Ian Anderson wa bendi ya Jethro Tull inapita katikati yake. Ngurumo imerudi, ila sasa ina mwenyewe: naisikia kama hasira ya marehemu inayosomwa kwa sauti mbele ya warithi. Wimbo wa nane ndio pekee uliopewa jina, nao hauna ngurumo hata kidogo. Åkerfeldt anauimba kwa upole, kisha anamwachia mwenzake Fredrik Åkesson amalizie kwa gitaa.