Kabla ya Kuita Polisi, Aulizwe Msimamizi

Mei 2008, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, alikamatwa chini ya sheria ya ugaidi na kuwekwa kizuizini siku sita. Kosa lake lilikuwa faili moja. Alikuwa akijiandaa kuomba nafasi ya uzamivu kuhusu al-Qaida, akapakua mwongozo wa mafunzo wa kundi hilo kutoka tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani, akamtumia rafiki yake aliyekuwa mfanyakazi wa chuo. Faili likaonekana kwenye kompyuta ya rafiki, chuo kikawaita polisi, wote wawili wakatiwa ndani. Hakuna aliyeshtakiwa kwa ugaidi. Mwaka 2011 polisi walimlipa mwanafunzi huyo pauni 20,000.

Mwongozo wenyewe unatugusa sisi moja kwa moja. Polisi waliupata Manchester mwaka 2000, nyumbani kwa mtu aliyetuhumiwa kuhusika na mabomu ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Ukawa kielelezo katika kesi ya mabomu hayo, New York, mwaka 2001. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200, wengi wao Wakenya. Ikiwa kuna vijana wenye haki ya kuusoma mstari kwa mstari na kuuliza fikra zile zilitoka wapi, basi ni wa kwetu.

Hata hivyo, hofu ya wakuu wa vyuo si ya kubuni. Kijana aliyejaribu kulipua ndege ikielekea Detroit siku ya Krismasi 2009 alikuwa amesoma uhandisi University College London. Katika chuo kikuu cha Garissa, Kenya, Aprili 2, 2015, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi, na mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mzazi aliyempeleka mwanawe Garissa na kurudishiwa maiti ana haki ya kudai chuo kiwe macho.

Kisha kuna sheria. Uingereza, kukusanya taarifa zinazoweza kumfaa gaidi ni kosa, na tangu 2019 hata kuzitazama tu mtandaoni kunaweza kukufunga hadi miaka 15. Sheria hiyo inamkinga anayefanya utafiti wa kitaaluma, lakini kinga ni jambo unalolieleza ukiwa tayari mbele ya mpelelezi. Mwaka 2015 vyuo vikapewa pia wajibu wa kisheria wa kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, na sheria hiyo hiyo ikaviagiza vijali uhuru wa kusema. Mizani hiyo akaachiwa kila mkuu wa chuo aibebe mwenyewe.

Muungano wa vyuo vikuu vya huko ulishatoa mwongozo mwaka 2012: utafiti wa aina hii upitie kamati ya maadili, nyaraka zihifadhiwe kwenye seva maalumu ya chuo, na awepo mtu anayejua nani anasoma nini. Naona faida yake. Polisi wakiuliza asubuhi, kufikia mchana wamejibiwa, na mtafiti analala kwake. Lakini seva hiyo hiyo ni orodha ya majina, na sote tunajua ni majina ya namna gani yatakayosomwa mara mbili. Mwanafunzi Mwislamu akiona hivyo, atahamia mada nyingine kimya kimya, na hakuna takwimu itakayomhesabu.

Machi 2015, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Staffordshire, mwanafunzi wa uzamili wa masomo ya ugaidi alikuwa akisoma kitabu cha kiada kuhusu ugaidi, yaani kitabu cha kozi yake. Mfanyakazi wa chuo akamwendea, akaanza kumhoji: unasemaje kuhusu mashoga, kuhusu ISIS, kuhusu al-Qaida? Kisha akapeleka taarifa kwa walinzi. Chuo kiliomba radhi baadaye.

Katika visa vyote viwili, swali moja kwa mhadhiri lingetosha: huyu ni mwanafunzi wako, na hiki anachosoma ni cha kazi yake? Kwa hiyo mimi nakubali seva na nakubali kamati, kwa sharti kwamba sera iandike waziwazi kuwa simu ya kwanza inapigwa kwa msimamizi wa utafiti, isipokuwa pale penye dalili kwamba maisha ya mtu yamo hatarini. Kwa Kenya lingewezekana bila sheria mpya. Mtafiti tayari anaomba kibali NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, kinachotaja mada yake na kaunti atakakofanyia kazi. Chuo kiongeze barua ya msimamizi inayoeleza nyaraka gani zitasomwa na zitawekwa wapi, nakala ibaki idarani.

Yule wa Nottingham alivumilia, akapata uzamivu, leo ni mhadhiri. Yule wa Staffordshire aliacha kozi.