Cheti Hakizuii Kupatana Bei: Kununua Gari la Umeme la Mtumba Marekani

Mkenya akiingia yadi ya magari Marekani kwa mara ya kwanza, mara nyingi hufanya moja ya mambo mawili. Ama anapatana kama yuko kwenye yadi za Ngong Road, Nairobi: anataja nusu ya bei, anageuka kama anayeondoka, anangoja kuitwa, na haitwi. Ama akiona gari lina cheti cha mtengenezaji, yaani uthibitisho kwamba gari hilo la mtumba limekaguliwa na lina dhamana yake, anaamini maneno yameisha, analipa kilichoandikwa. Kwa maoni yangu, hapa watu wanapatana bei sana, ila uwanja umehama. Nyumbani ubishi wote uko kwenye bei ya gari. Huku bei hiyo hushuka kidogo, na hela nyingi hutoka baadaye, ukiwa umekaa mezani na kalamu mkononi.

Cheti kwanza. Cheti cha mtengenezaji hutolewa na wakala wa chapa hiyo peke yake. Hyundai yenye cheti cha Hyundai huipati kwa wakala wa Ford. Duka lingine likisema gari "limethibitishwa", hiyo ni ahadi ya duka lenyewe, au ya kampuni fulani inayouza dhamana. Swali la kuuliza ni moja: gari likiharibika, nani analipa? Kwa Hyundai na Kia jibu lina uzito, kwa sababu mnunuzi wa pili wa kawaida hupoteza ile dhamana ndefu ya miaka 10 au maili 100,000 ya mfumo unaosukuma gari (mota na gia), na cheti ndicho kinachoirudisha.

Betri ni hesabu nyingine. Watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 8 au maili 100,000, kinachotangulia kufika, na dhamana hiyo humfuata mnunuzi mpya awe na cheti au asiwe nacho. Miaka huhesabiwa tangu siku gari lilipokabidhiwa mwenye kwanza, si kwa mwaka wa modeli, kwa hiyo omba tarehe hiyo kwa maandishi. Muuzaji akikuambia ulipe zaidi kwa sababu cheti "kinalinda betri", mwambie akuonyeshe ukurasa unaosema hivyo.

Halafu soma dhamana hiyo inaanza kulipa lini. Kwa chapa nyingi ni betri ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Nissan Leaf ina vijisanduku 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, na dhamana ya uwezo huamka vikibaki chini ya 9. Leaf yenye vijisanduku 9, iliyobakiza miezi michache ya dhamana, ni gari ambalo betri yake imechoka na huenda isilipiwe na mtu. Betri ya Leaf za kabla ya modeli ya 2026 hupozwa na hewa tu, haina maji ya kuipoza kama nyingi za sasa, kwa hiyo iliyoishi Arizona na iliyoishi Oregon si gari moja hata kama maili zinalingana. Ripoti ya historia itakuonyesha iliishi jimbo gani.

Usikubali maili ambazo dashibodi inasema chaji iliyopo itakufikisha kama kipimo cha betri. Namba hiyo hufuata mwendo wa dereva aliyetangulia na baridi ya siku hiyo. Pima hivi: gari lijazwe hadi asilimia 100, liendeshwe mpaka 50, kisha soma limetumia kilowati-saa ngapi. Likiwa limetumia 27, betri nzima ina takriban 54. Kama lilipokuwa jipya lilikuwa na 64, limebaki na asilimia 84 hivi. Wakala akikataa safari ndefu, omba karatasi ya kipimo cha betri kutoka karakana yake, au uje na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, pamoja na programu inayolisoma gari hilo. Kwa Leaf, watu hutumia LeafSpy. Orodha ndefu ya ukaguzi anayokuonyesha imejaa wipa, taa na mazulia. Tafuta mstari wa betri wenye asilimia. Usipokuwepo, una sababu ya kushusha bei.

Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama gari limeitwa na mtengenezaji lirekebishwe kasoro na bado halijarekebishwa. Chevrolet Bolt za 2017 hadi 2022 ziliitwa kwa hatari ya betri kushika moto. Nyingine zilibadilishiwa betri, nyingine zikawekewa programu ya kuichunguza, na tofauti ya hizo mbili ni kubwa kwa mnunuzi.

Sasa bei. Usianzie yadini. Andikia wakala wanne au watano kwa baruapepe, kila mmoja akupe bei ya jumla ya kuondoka na gari, mstari kwa mstari: gari, kodi ya jimbo, usajili, ada ya makaratasi, na chochote walichoongeza. Kisha mwonyeshe mmoja karatasi ya mwenzake. Gari lililokaa zaidi ya siku 60 lina muuzaji mwenye haraka, kwa sababu wakala wengi huweka magari yadini kwa mkopo na riba inaendelea kuhesabika. Nitrojeni ya magurudumu, namba zilizochorwa kwenye vioo na dawa ya kulinda rangi ni vya kukataa, hata ukiambiwa vimeshawekwa. Na ule msamaha wa kodi wa serikali kuu wa hadi dola 4,000 kwa gari la umeme la mtumba uliisha kwa magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025. Anayekupigia hesabu nao anakuuzia hewa.

Hatari kubwa iko ofisi ya fedha. Hapo hutaulizwa bei, utaulizwa unaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Usijibu. Wakala anaruhusiwa kuongeza asilimia yake juu ya riba iliyokubaliwa na benki. Mkopo wa dola 22,000 kwa miezi 72 kwa riba ya asilimia 7 ni kama dola 375 kwa mwezi. Kwa asilimia 9 ni kama 397. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mwishoni umelipa zaidi ya dola 1,500 za ziada. Dawa yake Mkenya anaijua tayari: sacco. Huku pia vyama vya akiba na mikopo vipo. Nenda na barua ya mkopo uliokwisha kuidhinishwa, umwache wakala ajaribu kuipita.

Ukitia saini, imekwisha. Hakuna sheria ya nchi nzima inayokupa siku tatu za kurudisha gari ulilonunua kwa wakala. Lakini sheria inamlazimu abandike karatasi dirishani inayosema kama gari lina dhamana au linauzwa lilivyo, na karatasi hiyo ina nguvu kuliko maneno yake yote. Hilo ningependa kuliona Nairobi. Kule, upekuzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, hukuambia gari ni la nani, haukuambii betri imebaki ngapi. Leaf za kutoka Japani hufika bila dhamana ya betri, na wapo wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijisanduku vyote 12 vijae kwa wiki chache.

Yapo tunayowashinda. Nyumbani hatununui gari bila fundi wetu. Huku watu huona aibu kumleta fundi kwa sababu gari lina cheti, na sioni aibu inatoka wapi. Na soketi ya kawaida ya ukutani kwetu ina volti 240: kwa ampea 10 hutoa kilowati 2.4, ilhali ya Marekani yenye volti 120 kwa ampea 12 hutoa 1.44. Betri ya kilowati-saa 60 inayohitaji saa 25 kwetu inahitaji zaidi ya 40 huku. Kama umepanga nyumba, ongea na mwenye nyumba kuhusu soketi ya volti 240 kabla hujaenda kuliona gari. Kabla ya kuondoka yadini, fungua buti uhakikishe waya wa kuchajia upo. Kwenye magari ya mtumba hukosekana mara kwa mara.

Usilinunue kwa nia ya kulipeleka nyumbani. Usukani uko kushoto na Kenya haisajili magari hayo ila kwa vibali maalumu, na hata tundu lake la kuchajia limetengenezwa kwa plagi za Marekani.