Kagueni mabegi, mwacheni mama na rasta zake

Hili jambo la mashine za ukaguzi wa uwanja wa ndege nimekaa nalo tangu mwezi wa tatu, nikawa najiambia litapita tu, halijapita, kwa hiyo leo naandika.

Mama yangu ana miaka 63. Dada yangu alijifungua huko Ulaya, mtoto wa kwanza, na nyie mnawajua mama zetu, binti akijifungua hakuna wa kuwazuia hata kama ni mwisho wa dunia. Viza ikatoka ya mwezi mmoja, mimi nikamsindikiza. Begi kubwa limejaa vitenge na nguo za mtoto, na kwenye begi la mkononi kaweka unga wa lishe kilo mbili, mahindi, ulezi, mchele, karanga na soya, kakaanga mwenyewe kapeleka mashineni mwenyewe, akaukandamiza kwenye mfuko juu ya mfuko mpaka ukawa mgumu kama tofali. Nilimwambia auweke kwenye begi kubwa akakataa, begi kubwa linaweza kupotea halafu mzazi anywe nini. Na siku mbili kabla ya safari akaenda kusukwa. Rasta ndogondogo, amekaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jioni, akazikusanya nyuma zikawa fundo moja kubwa. Alipendeza sana yaani, alikuwa anajiangalia kwenye kila kioo tunachopita.

Tukafika uwanja wa kubadilishia ndege, siutaji. Trei yetu ikaingia kwenye mashine, ile ya kisasa, ikatokea upande wa pili ikachepushwa pembeni. Akaja mkaguzi kijana, akauliza begi la nani, akaomba kulifungua, akautoa ule unga, akapitisha kile kitambaa chao cha kupimia vilipuzi juu ya mfuko akakiingiza kwenye kimashine, akasubiri kidogo, basi. Akaurudisha mwenyewe na zipu akafunga. Akaniuliza ni chakula? Nikamwambia ni uji wa mwanamke aliyejifungua, nikamtafsiria mama, wakacheka wote wawili. Dakika mbili hazikufika na mama hakukwazika hata kidogo, alisema huyu kijana kalelewa vizuri.

Halafu ndo ikaja skana ya mwili. Miguu kwenye alama, mikono juu, akatoka. Pale kwenye skrini kuna kile kikatuni cha mtu, hakina sura hakina jinsia, na kisogoni pamewaka kisanduku cha njano. Mkaguzi mwanamke akavaa glavu, akamsimamisha pembeni, pembeni yenyewe ni palepale watu wanapovalia viatu, akaanza. Kabonyeza fundo. Kalifungua kidogo. Kaingiza vidole kati ya rasta mpaka kwenye ngozi ya kichwa, akashuka nazo mpaka shingoni, na watu wanapita wanatazama, mtoto mmoja kasimama kabisa anashangaa. Mama ameinamisha macho. Nikauliza kuna shida gani, yule dada akanijibu kwa upole tu, si mimi, ni mashine imeonyesha. Hakukuta kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu. Mama hakusema neno mpaka tumekaa getini, ndo akaniuliza, "Wameona nini kichwani kwangu?"

Sikuwa na jibu. Sasa hivi ninalo, nimesoma sana tangu siku ile.

Nianze na lile begi maana kuna watu wakisoma hapa watasema huyu anapinga akili mnemba, hii AI, kompyuta zinazofundishwa kutambua vitu. Sipingi. Ule unga mashine ilikuwa na haki kabisa kuusimamisha. Kwenye zile picha za eksirei vitu vya asili ya mimea na wanyama, chakula, nguo, karatasi, na plastiki pia, hutokea rangi ya chungwa, chuma hutokea bluu, na vilipuzi vingi navyo viko kundi hilohilo la chungwa. Kwa hiyo donge la kilo mbili lililokandamizwa kama tofali, rangi ya chungwa tupu, mimi mwenyewe ningekuwa pale ningelifungua. Na ukweli ni kwamba macho ya binadamu peke yake hayatoshi kwenye ile kazi. Kule Ulaya taratibu zao zinasema anayetazama picha za mizigo kwa kawaida asipitishe dakika 20 mfululizo, kwa sababu jicho linachoka, na kitu ambacho mtu hakioni mwezi mzima mwisho anaacha kukitafuta, ndo maana kuna mifumo inayowapachikia picha bandia za silaha katikati ya mizigo ya kweli ili wasilale. Mwaka 2015 Marekani ilivuja habari ya jaribio la siri, wakaguzi wa serikali walipitisha silaha na mabomu ya bandia viwanja mbalimbali, majaribio 70, na 67 yakapita. Sabini, sitini na saba! Ukishasoma hiyo unaelewa kwa nini wanataka kompyuta isaidie. Zile mashine mpya zinazozungusha eksirei kulizunguka begi zinatoa picha ya pande zote, unaligeuza kwenye skrini kama umelishika mkononi, laptopu inabaki ndani, programu inakuchorea mstari kwenye kitu cha kutilia shaka. Nzuri hiyo. Inunuliwe, ifungwe kila mahali, hata kesho.

Begi likifunguliwa likafungwa halijapoteza kitu. Mama yangu alipoteza.

Zile skana za mwili zilienea baada ya Krismasi ya 2009, yule kijana wa Kinigeria alipojaribu kujilipua na bomu la kwenye nguo ya ndani kwenye ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Detroit. Mwanzoni zilikuwa zinatoa picha ya mwili karibu kama ulivyo na kuna mtu amekaa chumbani anaitazama, watu wakachachamaa, na kufikia 2013 Marekani ikawa imeziondoa zile zilizoshindwa kubadilika. Ndo kikaja kile kikatuni. Hakuna anayeona mwili wako tena, programu ndiyo inatazama, na inaamua yenyewe wapi iwashe njano. Kwa faragha ni hatua, nakubali, sitaki mtu autazame mwili wa mama yangu chumbani. Ila hapo ndipo uamuzi ulipohama kutoka kwa mtu ukaenda kwa kitu ambacho huwezi kukiuliza swali.

Maana mawimbi ya ile skana yanapita kwenye nguo, yanagonga mwili yanarudi, na programu inapima kilichorudi kwa kile ilichofundishwa kwamba ndo mwili wa mtu. Sasa ilifundishwa kwa vichwa vya nani? Mwaka 2019 waandishi wa ProPublica waliandika habari ndefu juu ya hili, wanawake weusi wa Marekani kila wakisafiri skana inawaka nywele, msuko, afro, dredi, na ikajulikana kwamba mamlaka yao ya usalama wa usafiri, TSA, mwaka 2018 iliwaandikia watengenezaji ikiomba mawazo ya kuboresha ukaguzi wa nywele na vitu vya kichwani. Yaani wanajua! Masingasinga na vilemba vyao na dada zetu wa hijabu wamekuwa wakilia kilio hichohicho muda wote.

Najua kuna atakayesema lile fundo lingeweza kuficha kitu. Sawa, lingeweza. Hata mkoba wa mtu, hata bandeji, hata kiuno cha suruali kinaweza. Lakini fikirieni hivi. Kama mashine inawaka kwa kila fundo la rasta linalopita, lenye kitu na lisilo na kitu, basi hiyo mashine inatambua rasta tu, hatari haijaitambua. Na yule dada mwenye glavu ameshapapasa vichwa mia vya wanawake weusi na hajakuta kitu hata kimoja, unadhani cha mia na moja atakitafuta kwa moyo? Vidole vyake vimeshazoea kwamba hamna kitu. Kwa hiyo mama yangu kadhalilishwa na abiria wengine hawakuongezewa usalama hata kidogo, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, laiti ile fedheha ingekuwa inamlinda mtu!

Na msiniambie haiwezekani kurekebishwa. Zile skana zilikuwa na kitufe, mkaguzi anakutazama anaamua wewe mwanaume au mwanamke anabonyeza, akikosea unapapaswa. Watu waliobadili jinsia walipiga kelele miaka, na mwaka 2022 TSA ikatangaza programu mpya isiyohitaji kitufe hicho, ikisema kengele za uongo zitapungua. Ni programu hiyo jamani, inaandikwa na watu na inabadilishwa na watu wakitaka.

Kwenye mashine za kutambua sura ndo kabisa. Marekani kuna taasisi ya vipimo inaitwa NIST, Desemba 2019 walitoa ripoti baada ya kupima programu karibu 200 za kutambua sura, na wakakuta makosa ya kumfananisha mtu na mtu mwingine yako juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na chini zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Afrika Mashariki, imeandikwa hivyohivyo, ndo sisi. Ila programu kadhaa zilizotengenezwa China hazikuwa na tatizo hilo kwa sura za Asia Mashariki. Rudia kusoma hapo. Aliyetengeneza alikuwa na sura za kwao, mashine ikazijua. Mwaka mmoja kabla yake watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walishaonyesha programu za kutambua jinsia kwa sura zikikosea mpaka asilimia 34.7 kwa wanawake weusi wakati kwa wanaume weupe haifiki hata asilimia moja. Na kuna vijana wetu Nairobi na Gulu wanaokaa siku nzima kuchora visanduku kwenye picha ili hizo kompyuta zijifunze kuona, mikono ni yetu kabisa, ila sura zetu na misuko yetu haimo kwenye somo.

Kwa hiyo mimi nawaomba wanaotununulia mashine huku. Tuna jengo la tatu la abiria pale uwanja wa Julius Nyerere tangu 2019, Zanzibar nao wana lao, Nairobi wanapanua kila siku, na wauzaji watakuja na hizi AI zao, wataonyesha video. Waulizeni swali moja tu kabla ya bei. Imejaribiwa kwa nani? Wekeni wanawake 200 wenye rasta, vilemba, baibui, mama wa Kimasai na shanga zake shingoni, wapitishwe mbele yenu, mhesabu njano zimewaka ngapi na kati ya hizo ngapi zilikuwa na kitu. Muuzaji akikataa aende. Kenya wana sheria ya data ya 2019 inayompa mtu haki asiamuliwe na mashine peke yake, najua mambo ya usalama huwa yanapewa msamaha, lakini hata hivyo wekeni kwenye mkataba kwamba kichwa cha mtu kikiwaka anakaguliwa kwenye chumba, na mlango umefungwa. Pazia tu lingetosha siku ile. Pazia!

Mama alikaa ule mwezi wake, akamkanda dada, akamuogesha mjukuu, uji ukapikwa mpaka unga ukaisha. Ile siku ya kufunga mizigo nikamkuta amekaa chini sebuleni, dada kamshikia kichwa katikati ya magoti anamfumua, rasta zimejaa kwenye mfuko, mpya kabisa zile, zilikuwa bado zinang'aa. Nikamuuliza mbona unafumua. Akasema anataka apite bila kuguswa. Dada akamsuka twende kilioni, mistari sita imelala kichwani, basi.

Skana haikuwaka. Wiki tuliyofika Dar akaenda kusukwa tena, na juzi dada kapiga simu anamwita aje mwakani mtoto akitimiza mwaka, mama akanigeukia akaniuliza kama hiyo safari nayo itabidi afumue.