Fushimi Inari sio ile picha tu

Kuna kitu kinaniuma kila nikiona watu wanaposti picha za Kyoto kule Japani, yale mageti mekundu ya mbao yaliyopangana kama handaki, unajua kabisa huyu kafika pale chini ya mlima, kapiga selfii, kageuza karudi hotelini. Na mimi siku ile nilikuwa nifanye hivyohivyo maana watu walijaa mpaka mnasukumana, nikasema ngoja nipande kidogo tu, na hicho kidogo kikawa saa tatu nzima.

Fushimi Inari Taisha ni hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, historia yake inaanzia mwaka 711, kuingia ni bure na halifungwi usiku wala mchana, na toka stesheni kuu ya Kyoto ni vituo viwili tu vya treni, ukishuka stesheni ya Inari liko mbele yako. Kabla ya kwenda kuomba watu wananawa, mkono wa kushoto, halafu wa kulia, halafu wanasukutua, na mimi mtu wa Pwani niliyezoea kutia udhu toka mtoto nilisimama pale nikawaangalia kwa heshima sana.

Sasa yale mageti, wenyewe wanayaita torii, mlima mzima yako kama 10,000. Ukiwa unapanda unaona mbao nyekundu tupu, lakini hebu geuka nyuma uangalie ulikotoka: kila nguzo ina maandishi meusi toka juu mpaka chini. Kijana mmoja mwenyeji alinisomea, ni majina ya waliotoa geti na tarehe lilipowekwa, na wengi ni wafanyabiashara, kuna kampuni kubwa na kuna maduka ya kawaida kabisa. Geti moja linaweza kula laki kadhaa za yeni, na kubwa linapita milioni. Na mbao zinaoza jamani, niliona moja mguu wake umeshaliwa na unyevu, rangi imebanduka, pembeni yake kuna jipya linang'aa na jina la mtu mwingine.

Ndo nikaelewa. Inari ni mungu wa mpunga, na enzi zile utajiri ulikuwa mchele, kwa hiyo biashara ilipokua watu wa biashara nao wakamkimbilia yeye huyohuyo. Mbweha wa mawe waliojaa pale ni wajumbe wake, kuna mmoja nilimsogelea karibu, kafungwa kitambaa chekundu shingoni kimepauka kwa jua na mdomoni kabana ufunguo, na huo ni ufunguo wa ghala la mpunga. Yaani hili ni hekalu la watu wanaoamka alfajiri kufungua duka, na ukiliona bila kuuona mji wanaoishi watu hao, kwangu mimi umeona nusu.

Kwa hiyo panda. Mlima una mita 233 tu, na ukifika Yotsutsuji katikati ya njia Kyoto yote iko chini yako na watu wameshapungua unasikia hata ndege. Ukishuka kula inarizushi, wali wenye siki uliotiwa ndani ya mfuko wa tofu ya soya ya kukaanga, tamutamu hivi, na kule wanaufanya wa pembe tatu kama sikio la mbweha, maana inasemekana mbweha ndo chakula anachokipenda.

Halafu usirudi mjini kati, chukua treni ya Keihan uelekee kusini kidogo, ushuke Fushimi-Momoyama. Hapa watalii ni wachache mno. Ni mtaa wa watengeneza sake, ile pombe ya mchele, majengo marefu ya mbao zilizokolea weusi yamejipanga kando ya mfereji, na wako hapa kwa sababu ya maji ya chini ya ardhi, hata jina Fushimi zamani liliandikwa kwa herufi zenye maana ya maji yaliyojificha. Mchele na maji, unaona ilivyo? Sake mimi situmii, lakini kuna hekalu lingine hapo, Gokonomiya, maji hayohayo yanatoka uani na mtu yeyote anakinga.

Nilimkuta mama mmoja mzee kaja na baiskeli, kapuni ana chupa sita za plastiki, anajaza moja moja bila haraka. Akaniona nasubiri, akasogea, akanionyesha kwa mkono nikinge kwanza. Yalikuwa baridi, laini, hayana ladha ya dawa kabisa, nikajaza chupa yangu nikamsaidia kupakia zake kapuni.