Hesabuni na sufuria za kambini

Jumatano iliyopita niliketi ukumbini hapa Bukavu, nikasikiliza wataalamu wakisoma tathmini ya athari za mgodi unaotaka kufunguliwa jirani na Parke ya Kahuzi-Biega. Walipofika kwa gorila walisema maneno machache tu: hatukukuta kiota hata kimoja ndani ya eneo la mradi, basi athari ni ndogo. Kisha wakahamia kwenye vumbi la barabara. Nilitoka na hasira, na bado sijapoa.

Kiota cha gorila ni cha usiku mmoja. Leo anatandika majani hapa, kesho ng'ambo ya kilima. Aliyepita msituni siku tano za kiangazi asituambie kwamba gorila hawafiki pale.

Na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba walipima shimo, watu wakawasahau. Mgodi ukifunguka wanakuja wachimbaji, nyuma yao wachuuzi, wabeba mizigo, akina mama wa vibanda vya chakula, na wote hao wanakula. Ng'ombe hawapo kule, na nyama ya mjini hufika mgongoni mwa mtu. Kinachobaki ni mtego. Sheria ya 2014 inakataza kuchimba ndani ya parke, sawa, lakini shimo likiwa nje, mwindaji anavuka mpaka alfajiri na kurudi jioni. Tuliyaona 2000, bei ya madini ya koltani ilipopanda na msitu ukajaa kambi. Gorila wa Grauer, ambao hawaishi popote duniani ila huku kwetu mashariki mwa Kongo, walikadiriwa kuwa 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Makadirio ya 2016 yakasema 3,800. Hesabu nyingine ya 2021 ilitoa 6,800, na watetezi wa mgodi wameing'ang'ania kama ruhusa. Kadutu, mtaa mmoja tu wa hapa Bukavu, ina watu wengi kuliko hao! Jike lenyewe huanza kuzaa likikaribia miaka 10, kisha mtoto mmoja baada ya miaka minne au zaidi.

Mlinzi mmoja wa parke alinipa mtego aliouondoa. Ni waya wa breki ya baiskeli, kitanzi chake kama bangili, na bado una harufu ya kutu na udongo. Aliyeutega alimlenga paa. Mtoto wa gorila akiingiza mkono, mti uliopindwa unafyatuka na waya unakaza. Akivuta, unazidi kuzama nyamani. Kahuzi wapo waliokua bila kiganja. Katika ripoti ile, waya huu uko ukurasa gani?

Kazi tunaihitaji, nakubali. Karo yangu mwenyewe ililipwa kwa pesa ya kasiteriti, madini ya bati, na siwezi kumwambia kijana wa Walungu akae na njaa. Ndiyo maana nataka waandike, kabla ya kibali, watu wangapi watakuja, watakula nini, na nani atawaletea. Warudi msituni kiangazi na mvua, pamoja na Watwa, wenyeji wa msitu huu, wanaosoma nyayo pale tangu utoto. Ukumbini sikumwona Mtwa hata mmoja.

Mkutano wa pili umetangazwa. Nitaenda na ule waya, niuweke mezani mbele yao.