Mtoto mdogo kwa kipimo cha nani?

Mashine nyingi za ultrasaundi hufika hospitalini zikiwa na chati ya Hadlock ndani yake. Mpimaji anachukua upana na mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, mashine inakadiria uzito na kuonyesha mtoto yuko wapi kwenye chati. Chati hiyo ilichapishwa mwaka 1991, na ilitokana na wajawazito 392 wa Houston, Texas, wengi wao Wazungu wa tabaka la kati. Mama wa Handeni akiambiwa mtoto wake ni mdogo tumboni, mara nyingi amelinganishwa na hao.

"Mdogo" hapa ina maana yake: uzito uko chini ya mstari wa 10, yaani mtoto yumo kati ya 10 walio wepesi kuliko wote katika kila watoto 100 wa umri ule wa mimba. Ugomvi wa watafiti ni mmoja: watoto 100 wa wapi?

Kundi la kwanza linasema watoto wa dunia nzima, mradi mama zao wawe na afya. Ndiyo hoja ya mradi wa INTERGROWTH-21st ulioongozwa kutoka Oxford, ambao chati zake zilitoka mwaka 2014. Walichagua maeneo manane: Pelotas (Brazili), Turin (Italia), Muscat (Omani), Oxford (Uingereza), Seattle (Marekani), Shunyi ya Beijing, Nagpur (India), na Parklands ya Nairobi. Mama aliingia kwenye utafiti kama anakula vizuri, havuti sigara, hana ugonjwa wa kutatiza mimba, na wiki zake zimethibitishwa kwa ultrasaundi kabla ya wiki ya 14. Baada ya hapo alipimwa kila wiki tano. Kati ya wajawazito 13,108 waliochujwa, 4,607 tu ndio waliofaa.

Matokeo yaliwapa nguvu. Katika tofauti zote za mzingo wa kichwa, zilizotokana na mahali zilikuwa asilimia 2.6 tu, kwa urefu wa mtoto anapozaliwa, asilimia 3.5. Kwa hiyo, wanasema, mtoto akipungua tafuta malaria, upungufu wa damu au shinikizo la damu, usisingizie kabila. Na hii si hoja ngeni kwetu: kadi ya kliniki ya watoto inafuata viwango vya WHO vya mwaka 2006 vilivyojengwa kwa msingi huohuo, na hakuna anayedai mtoto wa Dodoma apewe mistari yake peke yake.

Ila angalia kilichopimwa: kichwa na urefu, yaani mifupa. Uzito ni habari nyingine. WHO ilipotoa chati zake za ukuaji tumboni mwaka 2017 kutoka nchi kumi, Kongo ya Kinshasa ikiwemo, uzito ulitofautiana kati ya nchi na nchi, na urefu wa mama, uzito wake, idadi ya uzazi na jinsia ya mtoto vyote vilichangia.

Kundi la pili lina ushahidi wa nyumbani. Kaskazini-mashariki mwa Tanzania, eneo la Korogwe, watafiti waliwafuatilia wajawazito kwa ultrasaundi za mfululizo, wakaondoa mimba zote zenye matatizo, wakachora chati kutokana na vipimo 2,193 vya watoto 583. Ilichapishwa mwaka 2012. Mistari yake ilikuwa chini kuliko ya chati nyingine tatu walizoilinganisha nazo, ya Kongo ikiwa mojawapo, na pengo lilionekana zaidi mwishoni mwa mimba. Hitimisho lao lilikuwa wazi: ukitumia chati ya kuazima utawaita wadogo watoto ambao hawana shida.

Upande mwingine, chati moja kwa wote inaweza pia kuwaacha wagonjwa. Huko Auckland, New Zealand, ambako akina mama wengi wana miili mikubwa, INTERGROWTH iliwaita wadogo asilimia 4.5 ya watoto. Chati iliyorekebishwa kwa mwili wa mama iliwataja asilimia 11.6, na katika walioongezeka hapo walikuwemo waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa.

Kwa maoni yangu chati ya Korogwe ni kazi nzuri yenye mtego. Kuondoa malaria ya mimba hii hakuondoi utapiamlo alioupata mama akiwa na miaka miwili. Mama mfupi kwa sababu ya njaa ya utotoni ataonekana "kawaida" kwenye chati ya wenzake wafupi. Kwa mpango wa taifa, au kwa kulinganisha mikoa, ningechukua kipimo cha kimataifa ili upungufu uonekane. Kitandani, uamuzi wa kumzalisha mama mapema ni jambo tofauti, na hapo mstari peke yake hautoshi, uwe wa Oxford au wa Korogwe.

Chukua mtoto aliyekadiriwa gramu 1,600. Kwa Hadlock, mimba ikiwa ya wiki 30 yuko juu kidogo ya katikati, ambayo ni gramu 1,559. Ikiwa ya wiki 33, mstari wa 10 uko gramu 1,794, na mtoto huyohuyo sasa anahesabiwa mdogo. Mama aliyeanza kliniki mwezi wa saba wa mimba bila kukumbuka hedhi yake ya mwisho anaweza kukosewa wiki hizo tatu bila mtu kujua, kwa sababu ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwisho hukosea umri kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana WHO tangu mwaka 2016 inashauri ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho kimoja kina faida kuliko chati zote mpya.

Uzito wenyewe pia ni makadirio, yenye kosa la asilimia 10 hadi 15: gramu 1,600 zinaweza kuwa 1,360 au 1,840. Kosa kubwa hutoka kwenye kupima tumbo la mtoto. Picha iwe duara, mfuko wa chakula uonekane, mshipa wa kitovu uonekane kipande kifupi tu; ukiona figo, umeshuka chini mno. Ukikandamiza kifaa, duara linakuwa yai na uzito unayumba.

Makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2016 yanafuata mkondo huu. Chini ya mstari wa 3, hilo peke yake linatosha kusema ukuaji umezuiwa. Kati ya wa 3 na wa 10, mtoto anahitaji dalili nyingine: ameshuka mistari kati ya kipimo na kipimo, au dopla ya kitovu, yaani kipimo cha mtiririko wa damu kwenye kitovu, inaonyesha kondo linapitisha damu kwa shida. Kurudia kupima ukubwa kabla ya wiki mbili hadi tatu ni kupima makosa ya mpimaji.

Kwa hiyo ripoti iandikwe mambo matatu ambayo mara nyingi hayaandikwi: jina la chati iliyotumika, wiki zilipatikanaje (hedhi, au ultrasaundi ya wiki ya ngapi), na uzito wa kipimo kilichopita pamoja na tarehe yake.